Samadi, mboji na tope la maji taka shambani: vinavyokufa na visivyokufa

Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilinyesha kwa siku kadhaa mfululizo katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada. Majuma machache kabla yake, samadi ya ng'ombe ilikuwa imetandazwa kwenye shamba lililo jirani na kisima namba 5, kisima chenye kina kifupi kilichokuwa kikiulisha mji huo maji. Maji ya mvua yalizama ardhini yakiwa yamebeba bakteria wa E. coli O157:H7 na Campylobacter, yakapenya kwenye nyufa za mwamba hadi kisimani, na kwa kuwa klorini haikuwa ikitiwa ya kutosha, yakatoka mabombani yakiwa na bakteria hao. Watu 7 walifariki na wengine zaidi ya 2,300 waliugua. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Jaji Dennis O'Connor ulihitimisha kwamba mwenye shamba alikuwa amefuata taratibu zinazofaa na hakustahili kulaumiwa.

Hitimisho hilo linapaswa kumkalisha kitako kila anayeshughulika na samadi. Linaonyesha kwamba mtu anaweza kutimiza yote aliyotakiwa kutimiza na bado watu wakafa, kwa sababu kinyesi kikishamwagwa ardhini hakimtii tena aliyekimwaga. Hufuata maji, hufuata mteremko, hufuata ufa wowote uliopo chini ya udongo. Hata hivyo, swali la usalama wa taka zinazooza shambani hujibiwa kwa pupa. Wapo wanaosema kwamba kilichotoka ardhini kikirudi ardhini hakiwezi kuidhuru, na wapo wanaosema kwamba uchafu ni uchafu na haupaswi kufika karibu na chakula. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinauchukulia uchafuzi kama kitu kimoja, ilhali kuna uchafuzi unaokufa na kuna usiokufa, na dawa ya ule wa kwanza haiugusi ule wa pili.

Yanayotandazwa mashambani ni mengi kuliko samadi ya zizini peke yake. Kuna majimaji ya kinyesi cha mifugo yanayokusanywa mashimoni, kinyesi cha kuku, mboji ya majani na mabaki ya jikoni, masalia ya mitambo ya biogesi, mabaki ya viwanda vya kusindika vyakula, tope la viwanda vya karatasi, na tope linalobaki pale maji taka ya mijini yanaposafishwa. Vyote hivi hurudisha nitrojeni, fosforasi na virutubisho vingine kwenye udongo, na vingi huurudishia pia kaboni inayoshikanisha chembe zake, kuufanya utunze maji na kuwalisha viumbe wanaoishi ndani yake, kazi ambayo mbolea ya chumvichumvi haiwezi kuifanya. Fosforasi nayo huchimbwa kutoka kwenye miamba ambayo haijiumbi upya kwa kasi ya mahitaji yetu, hivyo kuifukia jalalani ni kutupa mali. Nayasema haya mapema kwa sababu sikusudii kumtisha mkulima aiache samadi yake. Nakusudia aweze kuitofautisha samadi moja na nyingine.

Vinavyokufa

Kinyesi kibichi, cha binadamu au cha mnyama, kinaweza kubeba bakteria kama Salmonella na E. coli, virusi, vimelea na mayai ya minyoo. Viumbe hawa wote wana udhaifu mmoja, nao ni kwamba hawawezi kukaa milele nje ya mwili uliowahifadhi. Joto, ukavu, mwanga wa jua, ushindani wa vijidudu wengine na muda huwamaliza, ingawa si kwa kasi moja. Bakteria wengi hupungua ndani ya majuma au miezi. Mayai ya askarisi, ile minyoo mirefu ya mviringo inayoishi tumboni, yana ganda gumu na yanaweza kudumu udongoni kwa miaka. Mnyoo jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, na ndiyo maana wataalamu huyatumia mayai hayo kama kipimo: mchakato ulioyaua hayo unatarajiwa kuwa umeshawaua karibu wote waliobaki. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inataka kinyesi kilichotibiwa kwa ajili ya kilimo kiwe na yai lisilozidi 1 kwa kila gramu ya uzito mkavu.

Silaha kuu hapa ni joto, na joto lenyewe hutengenezwa na uozo. Ukilikusanya rundo la samadi na majani makavu kwa uwiano wa sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni, likawa na unyevu wa sifongo iliyokamuliwa na nafasi ya hewa kupita, ndani ya siku chache kipimajoto ukikichomeka katikati kitasoma nyuzi 55, pengine 60 na zaidi. Ukilifukua asubuhi moshi mweupe wa mvuke utapanda, na tabaka la ndani utalikuta limefifia rangi kwa ukungu wa majivujivu, alama ya vijidudu wapenda joto waliokwisha kufanya kazi yao. Lakini weka kiganja kwenye ngozi ya nje ya rundo hilohilo: ni uvuguvugu tu, au baridi kabisa. Yai la mnyoo lililokaa pale nje halijaguswa na chochote. Rundo lililochemka katikati na kupoa pembeni limesafishwa nusu, na nusu iliyobaki ikichanganywa nalo siku ya kupakia itawarudisha bakteria ndani ya mboji iliyokuwa imeshapona.

Kwa sababu hiyo kanuni za kilimo hai nchini Marekani haziridhiki na kauli kwamba rundo lilipata moto. Zinataka mboji inayoandaliwa kwa matuta marefu ikae kati ya nyuzi 55 na 77 za selsiasi kwa siku 15, na ndani ya siku hizo igeuzwe si chini ya mara 5, ili kila sehemu ipate zamu yake katikati. Samadi ambayo haikupitia hatua hiyo huhesabiwa kuwa mbichi hata kama imekaa zizini mwaka mzima, na ikitumika, zao ambalo sehemu yake inayoliwa hugusa udongo halivunwi kabla ya siku 120 kupita, na lisilogusa udongo halivunwi kabla ya siku 90. Wengi huziona siku hizi kama urasimu. Mimi naziona kuwa tiba yenyewe, kwa kuwa pale ambapo joto halikutumika, muda ndio silaha pekee iliyobaki.

Kwa tope la maji taka Marekani iliweka mwaka 1993 madaraja mawili. Daraja A limetibiwa hadi vimelea vimefikia kiwango kisichopimika kirahisi, na linaweza kutumika hata bustanini. Daraja B bado lina vijidudu, na linaruhusiwa kwa masharti ya kusubiri: mifugo hailishwi hapo kwa siku 30, mazao yanayogusa uso wa udongo hayavunwi kwa miezi 14, na mazao ya chini ya udongo yanaweza kuhitaji kusubiri hadi miezi 38. Ni vizuri kufahamu kwamba matope yote mawili huweza kuitwa kwa jina moja la kuvutia sokoni, na mnunuzi asiyeuliza daraja hatalijua kwa harufu wala kwa rangi.

Kuna jambo moja katika kundi hili ambalo halikai sawasawa. Sehemu kubwa ya antibayotiki wanazopewa mifugo na binadamu hutoka mwilini bila kuvunjwa, na pamoja nazo hutoka bakteria waliozoea kuzihimili. Bakteria hao wanaweza kufa kwenye rundo, lakini wakiwa hai huwa na uwezo wa kuwarithisha wengine vinasaba vya usugu, na hivyo usugu ukawapita wale waliouleta. Uozo wa joto kali hupunguza dawa nyingi kati ya hizo na vinasaba hivyo pia, bila kuhakikisha kwamba vimekwisha.

Virutubisho vyenyewe navyo ni uchafuzi vikizidi. Nitrojeni isiyofyonzwa na mimea hugeuka naitreti, ambayo haishikwi na udongo na hushuka na maji hadi visimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni naitreti ikizidi. Fosforasi huenda kwa njia nyingine: mimea huhitaji nitrojeni mara kadhaa kuliko fosforasi, lakini samadi haiji kwa uwiano huo, hivyo anayeipima kwa hitaji la nitrojeni hujaza udongo fosforasi mwaka baada ya mwaka, hadi mmomonyoko unapoipeleka ziwani kuotesha mwani. Rundo kamilifu kuliko yote haliponyi hilo. Linalotakiwa ni kupima udongo na kupunguza kiasi.

Visivyokufa

Kadmiamu, risasi, zebaki, shaba na zinki ni elementi. Haziozi, haziungui, haziyeyuki zikaisha. Hata uozaji unaofanywa kwa ustadi huzifanya zizidi kukolea, jambo linalowashangaza wengi ingawa hesabu yake ni nyepesi. Rundo lenye kilo 1,000 za uzito mkavu na gramu 2 za kadmiamu lina miligramu 2 kwa kila kilo. Likiiva na nusu ya uzito ikapotea hewani kama kaboni dioksidi, gramu zile 2 zimebaki palepale ndani ya kilo 500, na sasa kila kilo ina miligramu 4. Mkulima anapofurahi kwamba mboji imeiva na kunywea, metali nayo imekusanyika.

Shambani mkusanyiko huu huenda polepole kiasi kwamba hakuna msimu hata mmoja unaoonekana kuwa na kosa. Tuseme hekta moja inapata kila mwaka tani 5 za tope kavu lenye miligramu 20 za kadmiamu kwa kilo. Hizo ni gramu 100 kwa mwaka, nazo ziko ndani ya sheria: Maelekezo ya Ulaya ya mwaka 1986 kuhusu tope la maji taka yanaruhusu hadi gramu 150 kwa hekta kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 10. Sentimita 20 za juu za hekta hiyo zina uzito wa takriban tani 2,600, hivyo kila kilo ya udongo inaongezewa chini ya miligramu 0.04, kiasi ambacho maabara itakitenganisha kwa shida na kilichokuwapo tangu awali. Baada ya miaka 26 ni miligramu 1 nzima. Maelekezo hayohayo yanaweka ukomo wa kadmiamu katika udongo kati ya miligramu 1 na 3 kwa kilo. Yule aliyeanza kutandaza hakuvunja sheria mwaka wowote, na mrithi wake anakabidhiwa shamba lililojaa. Ni haki kuongeza kwamba matope mengi ya siku hizi yana kadmiamu kidogo kuliko mfano huu, kwa sababu viwanda vingi vimelazimishwa kusafisha maji yao kabla ya kuyaachia. Na ushindi huo ulipatikana kiwandani, kabla taka haijafika shambani.

Iwapo metali iliyomo udongoni itaingia kwenye mazao hutegemea sana tindikali. Udongo wenye tindikali huachia kadmiamu na zinki, na mizizi huzinywa. Chokaa ikipandisha pH, yaani ikipunguza tindikali, sehemu kubwa hufungwa tena. Anayeacha kuweka chokaa, hata kama aliacha kutandaza tope miaka mingi iliyopita, anaweza kuiamsha kadmiamu iliyokuwa imelala. Na kadmiamu ikishamwingia binadamu hukaa kwenye figo kwa miongo ya miaka. Shaba na zinki mara nyingi hazitoki mjini kabisa, hutoka kwenye chakula cha nguruwe na kuku, ambamo huongezwa ili kuharakisha ukuaji au kuzuia kuhara. Umoja wa Ulaya ulisimamisha mwaka 2022 matumizi ya zinki oksidi kwa dozi za tiba kwa nguruwe, na mojawapo ya sababu ilikuwa kujaa kwa zinki udongoni. Kondoo, ambao shaba kidogo tu huwaathiri, hawapaswi kuachiwa malisho yaliyomwagiwa majimaji ya nguruwe bila kupimwa.

Dawa za kuua magugu zinasimama katikati ya makundi haya mawili, kwa kuwa hufa, ila kwa kuchelewa mno. Aminopiralidi na klopiralidi hunyunyiziwa malisho ili kuua magugu ya majani mapana, hupita tumboni mwa ng'ombe au farasi bila kuvunjika, hukaa kwenye samadi, na huweza kuvuka hata uozaji wa joto. Mwaka 2008 idhini ya aminopiralidi ilisimamishwa kwa muda nchini Uingereza baada ya wenye bustani kuona mboga zao zikijikunja baada ya kuweka samadi. Hapa kuna jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya. Jaza vyungu vitatu mchanganyiko wa nusu samadi na nusu udongo unaouamini, vingine vitatu jaza udongo huo peke yake, kisha panda maharage yote siku moja na uviweke mbalimbali ili maji yasitoke chungu kimoja kuingia kingine. Majani ya kwanza yanaweza kutoka mazuri kwenye vyungu vyote. Yaangalie yanayofuata, juma la tatu na la nne: ikiwa kwenye samadi yanajikunja kama kikombe, mishipa imekaribiana na ncha zinajisokota, huku jirani zao wakifunguka bapa, samadi hiyo isiingie kwenye bustani ya mboga. Mwezi mmoja wa kusubiri ni mfupi kuliko msimu wa kupoteza.

Lililotia hofu mpya ni PFAS, jamii ya maelfu ya kemikali zilizotengenezwa na binadamu ambamo kaboni imefungwa na florini kwa kifungo ambacho vijidudu vya udongo havina njia ya kukikata kikamilifu. Zimetumika kwenye nguo zisizopitisha maji, vikaango visivyoshika chakula, karatasi zisizolowa mafuta na povu la kuzimia moto. Kutoka majumbani na viwandani huingia kwenye maji taka, na baadhi huishia kwenye tope. Hapa pana ukweli unaouma: mtambo wa kusafisha maji hauviangamizi vitu hivi, unavihamisha, na kadiri unavyoyatoa maji yakiwa safi ndivyo tope lake linavyobeba zaidi. Nyuzi za plastiki zinazotoka kwenye nguo zikifuliwa huenda njia hiyohiyo. Sehemu kubwa hunaswa na tope, kisha tope likapelekwa shambani, ambako hukutana na vipande vya mifuko na vifungashio vilivyosagwa pamoja na mabaki ya vyakula.

Katika jimbo la Maine nchini Marekani, tope lililotandazwa kwa miaka mingi kama mbolea halali liliacha PFAS kwenye udongo, kutoka udongoni zikaingia kwenye nyasi, kutoka kwenye nyasi kwenye maziwa ya ng'ombe na kwenye visima vya familia. Wakulima hao walikuwa wamepokea tope lenye kibali. Mwaka 2022 Maine ikawa jimbo la kwanza la Marekani kupiga marufuku kutandaza tope la maji taka pamoja na mboji inayotokana nalo. Uswisi ilikuwa imeamua jambo kama hilo mwaka 2003, na hulichoma tope lake.

Cheti kinasema nini

Mkulima akionyeshwa cheti kwamba tope au mboji "imepimwa na iko salama", jambo la kwanza ni kuuliza imepimwa nini. Maelekezo ya Ulaya ya mwaka 1986 na kanuni ya Marekani ya mwaka 1993 yanataja metali kadhaa kwa majina, na hayataji kiwango chochote cha PFAS. Hata katika yanayotajwa hawakubaliani: Marekani hulikataa tope shambani kadmiamu ikizidi miligramu 85 kwa kilo kavu, wakati Ulaya iliweka ukomo kati ya 20 na 40. Cheti ni jibu la maswali yaliyoulizwa, na halisemi lolote kuhusu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Kwa hiyo naamini kwamba swali lenye thamani kuliko cheti ni lile la chimbuko. Tope la mji usio na viwanda si tope la mji wenye kiwanda cha kuchovya metali au cha ngozi. Samadi ya ng'ombe waliolishwa nyasi ambazo hazikunyunyiziwa dawa inahitaji tu joto, muda na kiasi, maana kilichomo ndani yake ni vile vinavyokufa. Mabaki ya jikoni yaliyotenganishwa tangu nyumbani hayafanani na yale yaliyochambuliwa kwa mashine kutoka kwenye taka mchanganyiko. Anayepokea lori la mboji ana haki ya kuandikiwa ilikotoka, ilichanganywa na nini, na tarehe gani, na ana haja ya kuitunza karatasi hiyo pamoja na ramani ya sehemu ilipotandazwa, kwa sababu uchafuzi usiokufa hugunduliwa wakati dereva, muuzaji na pengine kampuni yenyewe hawapo tena.

Wakazi wa bonde la Rhine, kandokando ya miji ya Rastatt na Baden-Baden nchini Ujerumani, wanalijua hilo. Mboji iliyochanganywa na tope la viwanda vya karatasi ilitandazwa mashambani mwao katika miaka ya 2000, na ilipofika mwaka 2013 ndipo PFAS zilipogunduliwa, kwenye maji ya chini ya ardhi na kwenye ardhi inayozidi hekta 1,000. Udongo wa eneo kubwa namna hiyo hauwezi kuchimbwa wote na kupelekwa kwingine, wala hakuna pa kuupeleka. Kwa hiyo wanaendelea kulima juu yake, wakichagua zao kwa kila shamba, kwa kuwa mimea haifyonzi kwa viwango sawa na majani kwa kawaida hukusanya zaidi kuliko punje. Mavuno yanapokaribia, sampuli hukatwa kutoka shambani na kupelekwa maabara, na zao lililozidisha kiwango haliingizwi sokoni.